Kitanda cha Mize na Usingizi wa Mwana Hidaya

Walisimulia waliotutangulia, nao walikuwa wamesimuliwa, na ukweli wote uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, ya kwamba mji wa Mwambasha ulitawaliwa zamani na Sultani Muhadhari bin Haji, mtu mwenye heshima na haiba, ambaye maghala yake yalijaa pembe na ambari na majora ya hariri, na mbiu yake ikipigwa hata wachuuzi wa soko la samaki walinyamaza. Lakini katika jumba lake lenye kila kitu palikuwa na chumba kimoja cha orofani, kinachotazama bustani ya mikomamanga, ambacho watumishi walikipita upesi na macho yao chini, maana kilikuwa chumba cha watoto, na hapakuwa na mtoto aliyelala mle akaishi hata akajua kutembea.

Kila mtoto alipozaliwa, Sultani aliagiza vitu vipya kutoka ng'ambo na kwa maseremala wa mji, kitanda kipya na kasha jipya na kiti kipya na chandarua ambacho hakijapata kukunjuliwa, na kila mtoto alipofariki vitu vile vilitolewa uani vikatiwa moto. Na maseremala wa Mwambasha, Mungu awasamehe, wakiuona moshi ule walianza kunoa randa zao.

Mke wa Sultani aliitwa Mwana Hidaya binti Tamimu. Hakuzaliwa jumbani huyu. Baba yake alikuwa muuza marashi wa Mtaa wa Maweni, na Sultani alimwoa kwa uzuri wake na kwa akili zake, na tangu siku hiyo watu walimwonea wivu, na tangu alipozika mtoto wa kwanza wakamwonea huruma, na tangu alipozika wa mwisho wakaogopa hata kumtaja. Basi Mungu akamjalia tena, akazaa mwana wa kiume, akampa jina la baba yake, Tamimu. Alipotoka arobaini, alimsikia mumewe akiwaita wafanyabiashara wa ng'ambo, na moyo wake ukapoa kwa hofu.

Bi Time, mkunga wa jumba na mlezi wa watoto wote wale marehemu, alikuwa akimkanda mtoto kwa mafuta. "Mwana," alisema, "kipya kinyemi ingawa kidonda. Vitu vipya havijapata kumjua mtoto. Safari hii mtafutie huyu vitu vilivyokwisha kulea, vilivyowatoa watoto wakawa wazee. Labda mauti yataona nyumba ya watu wengine yapite."

Sultani aliposikia alikunja uso. "Mwanangu mimi alale juu ya masalio ya watu?"

"Maulana," alijibu Mwana Hidaya, "vipya tumekwisha vijaribu."

Sultani akatoa ruhusa.

Mwana Hidaya hakumtuma mtu. Alitoka mwenyewe, chini ya shiraa, lile hema la kitambaa ambalo wajakazi humbebea mwanamke mtukufu njiani asionekane, na mbele yake alitangulia Shali Dalali, mtu mnene mwenye ulimi mtamu, ambaye akikuuzia kikombe chenye ufa atakuapia kwamba ufa ule ni nakshi. Shali alizoea wanunuzi wanaotazama vitu wakiwa wamesimama. Huyu alipiga magoti. Nakshi aliziacha mwisho. Kwanza alitikisa miguu ya kila kitu, na akapitisha kiganja upande wa chini, mahali ambapo mnunuzi hatazami na mtoto hufika, akitafuta misumari iliyochomoza na vibanzi, na akanusa mbao kama zina ukungu, na akapiga pembe kwa kidole kuona kama zinadondosha unga wa kubunguliwa. Vifuniko vya makasha aliviinua akaviachia, kuona kama vitashuka polepole au vitaanguka kwa kishindo kwenye vidole vya mtu. Nafasi baina ya fito aliipima kwa ngumi yake, asije mtoto akapenyeza kichwa kisitoke.

"Mwana, utachafuka," alisema Shali kwa fedheha.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alijibu, na akaingia mvunguni.

Sasa, palikuwa na ada Mwambasha, na ada hiyo ndiyo nguzo ya hekaya hii. Kitu kilicholea mtoto hakikutoka nyumbani hivi hivi. Sharti yule mtoto aliyekitumia mwisho akiage, hata akiwa amekuwa mzee mwenye wajukuu, akinyunyizie marashi kwa mkono wake mwenyewe na aseme, "Nenda salama, nimekuridhia." Akiwa amekufa, mama yake hukiaga kwa niaba yake. Lakini akiwa hai, hakuna wa kumsemea. Marashi ya kuagia vitu yaliuzwa Mtaa wa Maweni, na muuzaji wake mashuhuri alikuwa mzee Tamimu, baba yake Mwana Hidaya, ambaye alikuwa akimwambia kila mteja, "Haya hayafanyi kazi mkononi mwa mtu mwingine."

Kasha walilipata kwa mshona viatu mmoja mwenye ndevu nyeupe, ambaye alikuwa akijificha ndani yake alipokuwa mdogo. Alilinyunyizia marashi, akalipiga kofi, akasema, "Nenda salama, nimekuridhia. Na ukimfinya vidole mtoto wa Sultani kama ulivyonifinya mimi, utakuwa kuni." Watu wakacheka, na Mwana Hidaya akacheka, naye hakuwa amecheka tangu zamani. Kiti kidogo cha mpingo walikipata kwa ajuza asiye na jino, na kila kitu kiliagwa kwa ada yake, na chumba kikaanza kujaa. Kitanda tu ndicho kilichokosekana.

Kila kitanda alichoonyeshwa kilikuwa na ila. Kimoja matendegu yake, ile miguu, yalilegea, kingine kilikuwa kimepakwa rangi inayobanduka, na mtoto hulamba. Hata Shali akasogea karibu na shiraa, akasema kwa sauti ya chini, "Kiko kimoja, Mwana, nyumbani kwa Zena binti Athmani. Kimelea vizazi, na husemwa hakuna mtoto aliyefia juu yake. Husemwa pia kinabembea chenyewe, kwa kuwa babu zao walifunga jini ndani ya mbao akitumikie. Hayo ya jini siyajui. Ya watoto kuishi nayajua, maana wote nimewazika wazee."

Nyumba ya Zena, huko Maweni, ilikuwa ya mawe, na mawe ndiyo yaliyobaki. Chokaa ilikwisha banduka na dari ya chumba cha ndani ilikuwa imeanguka nusu. Zena alikuwa mjane, anayeshona kofia, naye alikuwa na binti mmoja, Mize, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Na pale ndani, chini ya upande wa dari uliobaki, palikuwa na kitanda kidogo cha msaji, chenye matendegu ya duara yaliyopakwa sandarusi nyekundu na nyeusi, na mchagoni, upande wa kichwa, pamechorwa ndege wa kijani aliyefutika jicho kwa kupapaswa na vidole vya watoto. Mwana Hidaya alipiga magoti, akatikisa, akapapasa, akanusa. Hakikuwa na ila. Mize alikuwa amekaa juu yake, miguu ikining'inia, akimtazama.

"Mwana," alisema Zena, "kitanda hiki alikilalia bibi yangu, na mama yangu, na mimi, na sasa Mize. Ningeuza mlango kwanza."

Shali akacheka kicheko cha biashara. "Mlango wa nini, bibi, na nyumba haina dari? Mwenye nguvu mpishe, Zena. Anayekuomba leo kwa ulimi, kesho huenda akaomba kwa askari."

Mwana Hidaya aliyasikia maneno hayo, na hakumnyamazisha. Badala yake alimwahidi Zena dari mpya, na chokaa, na samli na nafaka za kuwatosha. Zena akatazama juu, akamtazama binti yake, akainamisha kichwa. "Haya," alisema. "Lakini mwenye kitanda ni Mize. Sharti akiage."

Marashi yakaletwa. Mize akashuka, akakumbatia tendegu la mchagoni kwa mikono miwili. "Sitaki," alisema.

"Mwanangu, nyunyizia tu, useme."

"Leo sitaki."

Na wakati huo huo mjakazi akaja mbio kutoka jumbani, anahema, kusema kwamba Mwana Tamimu amechemka homa na hashiki ziwa. Watoto wote wale wengine walianza hivyo. Mwana Hidaya akasema neno ambalo baadaye angetoa ufalme mzima alirudishe. "Mtoto hana kauli mbele ya mzazi. Msemee wewe, Zena, twende zetu."

Alijua. Hakuna mtu Mwambasha aliyejua kuliko yeye, na hata harufu ya marashi yale ilikuwa harufu ya kanzu ya baba yake. Lakini hofu ya mama haina kitabu. Zena akanyunyizia, akasema, "Nenda salama, tumekuridhia," na Shali akambandua Mize vidole kimoja kimoja. Mtoto hakulia. Alimtazama Mwana Hidaya, na Mwana Hidaya akageuza uso.

Basi Mwana Tamimu akalazwa juu ya kitanda kile, nacho kikaanza kubembea chenyewe, taratibu, na kabla jua halijatua homa ikashuka. Siku zikapita na mtoto akanawiri, akanenepa mashavu, na Sultani akachinja ng'ombe, akawalisha masikini. Dari ya Zena ikajengwa, samli ikapelekwa. Chumba cha orofani kikawa na kasha la mshona viatu na kiti cha ajuza na kitanda cha ndege, na watumishi wakaacha kukipita upesi.

Kisha Bi Time akaona jambo. Mtoto alikuwa akilala mno. Kwanza walifurahi, kisha walisema anakua, kisha wakaanza kumwamsha ili anyonye, na kila siku ilikuwa vigumu zaidi kuliko jana. Usingizini alikuwa akivuma wimbo, yeye asiyejua hata kusema mama, na wimbo wenyewe hakuna aliyepata kuimba jumbani. Na asubuhi moja hakuamka. Alipumua, na moyo wake ulipiga, lakini walimwita wakamwosha kwa maji baridi, waganga wakaja, walimu wakasoma na kumnywesha kombe, asifumbue jicho. Sultani akajifungia. Uani, mtu mmoja mjinga akaanza kupanga kuni.

Ilikuwa saa ya jua la utosi, ambayo wazee hukataza watoto kutoka nje kwa kuwa ni saa ya wenyewe, majini. Mwana Hidaya alikuwa peke yake kando ya kitanda, hana machozi tena, naye akaona ndege wa mchagoni akigeuza shingo.

"Ewe Mwana Hidaya binti Tamimu," alisema ndege, "mke wa Sultani na binti wa muuza marashi, usinikimbie, maana mimi ni mtumwa, na mtumwa hana wa kumtisha. Jina langu Sakani. Bibi mkuu wa ukoo huu alinifunga katika mbao hizi kwa ahadi, kwamba nimletee mwenye kitanda usingizi wake kila siku, nami tangu hapo sijavunja ahadi."

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Sikumfanya lolote, bibi. Mwenye kitanda ni Mize, kwa kuwa hajakiaga. Usingizi nimleteao ni wake. Nikifika nao simkuti, namkuta mwanao, na kurudi nao sina ruhusa, basi naumimina humu. Mwanao amebeba usingizi wa watu wawili, na yeye ni mdogo."

"Na Mize?"

"Mize hajalala tangu alipobanduliwa vidole. Na siku atakapokufa kwa kukesha, nitauleta hapa usingizi wake wa mwisho, na huo hauna kuamka."

"Nikikirudisha kitanda leo hii?"

"Kitanda kitarudi, na mwanao atabaki kama alivyo, maana amekwisha kunywa. Ni kauli ya Mize peke yake itakayomfungua, itoke kinywani mwake, bila kununuliwa wala kulazimishwa." Ndege akarudi kuwa rangi juu ya ubao.

Sultani alipoelezwa, akaruka kuita askari wamlete mtoto yule. Mwana Hidaya akamshika kanzu. "Maulana, kitanda chake tulikichukua kwa nguvu. Tukichukua na kauli yake kwa nguvu, tutamzika wetu na wa mwenzetu." Sultani akakaa chini, akafunika uso kwa kilemba chake.

Akatoka basi, bila shiraa, amejitanda ukaya kama mwanamke yeyote wa Maweni, amembeba mwanawe aliyelala, na Bi Time nyuma yake. Watu wa mtaa walimtambua wakasimama, wasijue wapige magoti au wafumbe macho. Mlangoni kwa Zena akapiga hodi, na karibu haikuja. Akapiga tena. Zena akafungua, akasimama kizingitini.

"Mmekuja kuchukua nini tena?" aliuliza Zena. "Samli yenu iko pale, haijafunguliwa. Na dari hii hapa, mpya, nzuri. Mwanangu anaikodolea macho usiku kucha na mchana kutwa. Ichukueni na dari."

"Zena dada yangu, niruhusu nimwone."

Labda ni neno dada, labda ni kumwona yule mtoto mikononi mwake. Zena akasogea kando. Mize alikuwa mkekani, amekonda hata mikono yake ilikuwa fito, na macho yamezama ndani, wazi. Mwana Hidaya akamlaza Tamimu mkekani kando yake, akapiga magoti, na safari hii hakutafuta misumari.

"Mize," alisema, "nimekuja kukuomba radhi."

"Umeniletea kitanda changu?"

"Ukikitaka, kinaletwa sasa hivi."

Mize akageuza kichwa polepole, akamtazama mtoto. "Mbona haamki?"

"Amelala usingizi wako."

Mize akanyoosha kidole, akaligusa shavu la mtoto. "Siku ile sikutaka," alisema. "Nilitaka nikilalie mara moja tena, nikiage kesho yake. Wewe ulikuwa na haraka."

Maneno hayo yalimchoma Mwana Hidaya kuliko laana yoyote ambayo Zena angeweza kuitoa. Kesho yake! Angengoja jua lichwe na lichomoze tu, na yote haya yasingekuwa. Akalia mpaka ukaya ukalowa, na Bi Time akalia, na Zena, ambaye alikuwa ameapa kutolia mbele yao, akageukia ukuta.

"Sikupi," alisema Mize.

Zena akageuka kutoka ukutani, na Mize akaendelea.

"Nakuazima. Akikua, akirudishe mwenyewe, na akiage mwenyewe. Wewe usimsemee."

Hapo ndege wa kijani asiye na jicho akatua dirishani, na hakuna aliyemwona wala kumsikia isipokuwa Mwana Hidaya. "Aliyeazima ni mtoto," alisema Sakani, "na aliyeazimwa ni mchanga zaidi. Azima yao haisimami bila mdhamini. Mdhamini ni nani?"

"Mimi," alijibu Mwana Hidaya moyoni mwake.

"Weka rehani."

"Hazina ya Sultani na mashamba yake yote."

"Sina haja na mali. Kilichonyang'anywa hapa ni usingizi, na rehani yake ni usingizi. Wako. Nitaushika mpaka siku mwanao atakapokiaga kitanda kwa mkono wake na kukirudisha kwa mwenyewe. Na usimwambie wala usimwombe, maana ukimwomba itakuwa kauli yako tena, na azima itavunjika."

"Chukua," alisema.

Ndege akaruka. Tamimu akafumbua macho, akalia kwa njaa kilio kikubwa, na Mize akakunja magoti, akafumba macho, akalala palepale kilio kikiwa sikioni mwake. Alilala mpaka Zena akaogopa, kisha akaamka akaomba uji.

Miaka ikapita. Mize akapona, akakua juu ya mkeka, na Zena akakubali hatimaye kufungua samli. Tamimu akakua juu ya kitanda, akawa mtoto mtundu mwenye kicheko cha babu yake muuza marashi. Na Mwana Hidaya hakulala. Wengine walipozima taa yeye alikaa dirishani, akajua kila mlio wa nyumba ile, mbao zinazopumua na popo wa bustanini na mumewe akikoroma, na alfajiri iliyowafurahisha watu kwake ilikuwa ni jana tu inayoendelea. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabla ya wakati. Matabibu walipika mizizi, Sultani akatoa sadaka, naye akanywa kila alichopewa, akasema ahsante, asiseme zaidi. Alikuwa akitamani usingizi hata alipomwona paka amelala juani alilia kwa wivu.

Tamimu akakizidi kitanda kwa urefu, lakini hakukitoa. Akaweka juu yake vitabu na mishale yake. Siku moja akasema, "Hiki, mama, nitawalazia wanangu," na mama yake akatabasamu, akatoka nje mwanawe asimwone uso. Na siku nyingine, uchovu ulipomshinda, alijikuta amefungua kinywa.

"Mwanangu, kitanda kile..."

"Kina nini, mama?"

Akamtazama, huyu mmoja aliyebaki katika wote. "Kinahitaji kupakwa sandarusi," alisema.

Sultani Muhadhari akafariki, na Tamimu akakalia kiti cha baba yake, akiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota. Na alasiri moja zikasikika ngoma za harusi kutoka Maweni, naye akamuuliza Bi Time, ambaye sasa alikuwa mkongwe wa kuongozwa mkono, ni nani anayeolewa.

"Mize binti Zena," alisema Bi Time. "Anaolewa na mwalimu wa chuo. Masikini kwa masikini, lakini wanapendana. Si ndiye aliyekuazima kitanda?"

"Kuazima? Nani alisema ni cha kuazima?"

"Yeye mwenyewe, nami nilikuwapo. Alisema ukikua ukirudishe mwenyewe, ukiage mwenyewe, asikusemee mtu. Nilidhani mama yako alikwambia."

Tamimu akamgeukia mama yake, aliyekaa dirishani mahali pake pa siku zote, na macho yake mekundu ambayo yeye tangu azaliwe hakupata kuyaona yamefumbwa. Mwana Hidaya akaelekeza macho bustanini, asije akamwomba kwa kumtazama. Tamimu akaondoa vitabu, akaondoa mishale, akaomba marashi ya Maweni. Akapiga magoti, yeye Sultani wa Mwambasha, akanyunyizia matendegu na mchago na yule ndege, akasema, "Nenda salama, nimekuridhia. Umenilea vizuri." Kisha akakitia begani mwake, akakataa kusaidiwa, akashuka nacho ngazi.

Watu wa Maweni walisimulia mpaka wakazeeka jinsi Sultani alivyoingia harusini na kitanda begani, na jinsi bibi harusi alivyoshuka kwenye kiti chake, akaliweka paji la uso juu ya tendegu la mchagoni asiseme kitu. Tamimu akampa na mashamba ya minazi na nyumba yenye dari nzima, ya kwake na watoto wake. Kitanda kikabembea chenyewe mbele ya watu wote, na wanawake wakapiga vigelegele, na Zena akacheka huku akifuta machozi.

Tamimu akarudi jumbani anakimbia, ana furaha ya mtu aliyelipa. Akapanda orofani kumweleza mama yake. Akamkuta chumbani, pale pale kilipokuwa kitanda, amejilaza sakafuni kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, na macho yake yamefumbwa, usingizi wa miaka yote umemrudia kwa mkupuo.

Akawakataza watu kupiga kelele. Akatuma ngoma za Maweni zisogezwe mbali, akavua viatu, akakaa mlangoni akimlinda, maana hakuwa amepata kumwona mama yake amelala, na uso wake ulikuwa wa msichana. Asubuhi Bi Time akaongozwa mkono mpaka pale, akainama, akamgusa unyayo, akaushika kwa muda. Kisha akauvuta ukaya, akamfunika uso.

Sultani Tamimu alitawala kwa uadilifu, akaoa, akapata watoto na mali, na chumba cha orofani kikajaa vitu vikuukuu, na kila kimoja kiliagwa na mwenyewe. Mkeka wa hekaya unakunjwa hapa. Ya kale ni dhahabu, ndiyo, lakini dhahabu huwa na mwenyewe. Na wewe uliyesikia, ukitaka kukichukua kitu cha mtoto, hata kiwe kibovu, hata wewe uwe mfalme, muulize. Na akikwambia leo hataki, ngoja kesho.